Uzito si Idadi

Dukani walimwita Mizani. Mpe konzi ya misumari, ataipimapima kwenye kiganja, atafumba jicho moja, halafu atakwambia, "Robo kilo kasoro kidogo." Ukibisha, iweke kwenye mizani ya kweli uaibike. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake, kati ya makopo ya rangi na mabomba yaliyosimamishwa ukutani, na mafundi wazima wenye vitambi vyao walikuwa wameshindana naye kwa dau la soda. Soda alikunywa yeye.

Sasa mtu kama huyo ukiambiwa kwamba kuna hesabu za uzito zilizomtoa jasho, si utacheka? Cheka tu, hata yeye hakasiriki siku hizi.

Mambo yalianza mama yake alipolazwa. Wiki tano mama alikuwa wodini, moyo unamsumbua, na Mizani akawa analala kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Kilichomshika akili huko hakikuwa madaktari na misafara yao. Alikuwa muuguzi mmoja mnene, mpole, aliyekuwa anasimama mbele ya chupa ya dripu, anatazama saa yake, anahesabu matone kimoyomoyo, kisha anageuza kile kigurudumu kidogo kwa ncha ya kidole. Tone, tone, tone. Mizani akajisemea, kazi hii ninaiweza. Mama alipopona akarudi nyumbani, na wazo nalo likarudi na Mizani, halikutaka kutoka.

Akaenda chuo cha uuguzi kuuliza. Mama mmoja wa dirishani akachukua cheti chake cha sekondari, akakisoma juu mpaka chini. Baiolojia, sawa. Fizikia, sawa, ya kuponea chupuchupu. Kemia, F.

"Kemia inatakiwa angalau D," yule mama akasema. "Unaruhusiwa kurudia mtihani. Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne."

"Mwisho wetu ni thelathini na tano. Kwa hiyo ni mwaka huu, mwanangu, au basi."

Mwaka huu au basi! Mizani alitembea kutoka kule mpaka dukani bila kuona njia. Ile F aliipata akiwa na miaka kumi na saba, na sababu anaijua vizuri kabisa. Walipofika kwenye hesabu za moli, yeye aliacha kusikiliza. Zile hesabu za kusema ukichoma kiasi hiki cha kitu fulani utapata kiasi gani cha kingine, alizipa mgongo, akasema hazina faida. Karatasi ya mtihani nusu yake ilikuwa hizo hizo.

Mjomba alipoambiwa, aliweka kalamu sikioni akamtazama kama mtu anayerudisha bidhaa iliyokwisha kutumika.

"Kemia? Kwa umri huo? Wenzako wanasomesha watoto."

"Mimi nitajisomesha mwenyewe, mjomba. Siku tatu kwa wiki, saa tisa mpaka saa kumi na moja."

"Na hapa atapima nani?"

"Utapima wewe. Duka ni la nani?"

Mjomba akaguna. Alikuwa mtu wa kuguna, lakini mguno wake ulikuwa na aina nyingi, na huu ulikuwa wa kukubali.

Kituo cha masomo kilikuwa gereji ya zamani. Sakafu ina madoa ya oili, madawati yanayumba, na ubao ni mlango wa mbao uliopakwa rangi nyeusi, tundu la kitasa bado lipo, chaki ikipita hapo inazama. Wanafunzi walikuwa kumi na wanane, wote wanarudia mtihani, na wote wadogo kiasi kwamba Mizani alipoingia walisimama wakidhani ni mwalimu. Baadaye mwalimu halisi akaingia, kijana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, shati limechomekewa mpaka linamkaba.

"Shikamoo mwalimu!" darasa likaamkia.

Mizani akabaki mdomo wazi. Amwamkie huyu? Huyu ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho? Mwalimu naye akamwona, "marahaba" ikamkwama kooni, na kwa adabu aliyofundishwa kwao akajikuta anasema, "Na wewe, dada... shikamoo."

"Marahaba," Mizani akajibu kwa mazoea.

Darasa lilikufa kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo wale watoto wakamwita Shangazi, na yeye na mwalimu wakakubaliana kwamba ndani ya gereji ni "habari za mchana" tu, shikamoo zitasubiri nje.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Alama za elementi na uzito wake alizikariri akifunga mizigo, na nyumbani mama alimhoji kutoka kwenye vikaratasi, ingawa mama hakujua kemia ni mnyama gani.

"Magnesiamu?"

"Uzito ishirini na nne."

"Hapa pameandikwa ishirini na nne kweli! Mwanangu una akili, sijui F ile uliokota wapi."

Halafu wakafika kwenye hesabu za moli. Mwalimu aliandika kwenye ule mlango: magnesiamu mbili, jumlisha oksijeni moja, unapata oksidi ya magnesiamu mbili. Akaeleza, akafuta, akaeleza tena, kisha akamwita Mizani mbele afanye swali. Mizani akashika chaki. Namba za mbele si zipo? Mbili, moja, mbili. Akaandika kwa herufi kubwa zenye kujiamini: gramu mbili za magnesiamu na gramu moja ya oksijeni zinatoa gramu mbili za oksidi.

Mwalimu akasimama, mikono nyuma.

"Dada, dukani kwenu ukiingia mzigo wa kilo mbili, na mwingine wa kilo moja, halafu mjomba wako akapima akakuta kilo mbili tu, atasema nini?"

"Ataniita mwizi."

"Sasa hiyo gramu moja umempa nani?"

Vicheko vikapasuka mpaka madawati yakayumba. Mizani alicheka pia, maana angefanyaje, lakini njiani kurudi uso ulikuwa unamchoma. Mtu mzima na akili zake, ameibiwa gramu na ubao! Alikuwa ameelewa kwamba amekosea. Alichokuwa hakielewi ni kwamba zile namba zinataka nini kama hazitaki gramu. Mwalimu alisema zinahesabu moli. Na moli ni nini? Ni idadi ya chembe, chembe nyingi zisizohesabika. Sasa kama hazihesabiki, mbona unazihesabu? Wiki mbili akawa anazunguka hapo hapo kama ng'ombe aliyefungwa kambani.

Aliyemtoa hapo alikuwa mwalimu mwenyewe, na wala hakukusudia. Siku moja asubuhi aliingia dukani, akasema shikamoo ya nje kama walivyokubaliana, akaomba boliti sitini na nati zake. Madawati ya gereji yalikuwa yamemchosha, anataka kuyakaza.

Mizani akachota boliti kumi akaziweka kwenye mizani. Gramu mia mbili na hamsini. Kisha akaanza kumwaga kwa upawa mpaka mshale ukafika kilo moja na nusu, akafunga mfuko. Akachota nati kumi, gramu hamsini, akamwaga mpaka mia tatu, akafunga. Muda wote alikuwa anapiga soga za bei ya rangi.

"Umejuaje ni sitini?" mwalimu akauliza. "Hukuhesabu."

"Nani atahesabu vidudu vyote hivi, mwalimu? Unajua uzito wa kumi, basi umekwisha. Kumi ni mia mbili na hamsini, sitini ni mara sita."

Mwalimu akainua mifuko miwili, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Akatia utani. "Mbona huu mzito na huu mwepesi? Nati umenipunja."

"Mwalimu!" Mizani akaweka mkono kiunoni. "Kila boliti ina nati yake humo, nenda ukahesabu mpaka jioni. Boliti ni nzito, nati ni nyepesi. Uzito si idadi!"

Mwalimu akaiweka mifuko juu ya kaunta. Alitabasamu tu, akamtazama, akaendelea kumtazama. Mizani akamtazama naye. Mkono ukateleza kutoka kiunoni.

"Wewe," akasema polepole. "Wewe! Kumbe moli ndiyo hii? Moli ndiyo kumi yangu?"

"Ndiyo kumi yako, ila ni kubwa zaidi. Kumi ya magnesiamu ina uzito wake, kumi ya oksijeni ina uzito wake. Mlinganyo unakwambia idadi. Mizani inakwambia uzito. Kazi yako ni kutoka huku kwenda kule."

"Na miaka yote hiyo naifanya hapa nimesimama! Mjomba! Mjomba njoo usikie!"

Mjomba alitokea stoo na vumbi la saruji kwenye nyusi, akasikiliza, akasema kama hesabu yenyewe ndiyo hiyo basi hata yeye ni mkemia, na warudi kazini.

Furaha hiyo ilimvimbisha kichwa. Jioni ile ile alifanya maswali sita mfululizo. Darasani akawa anawafundisha wale watoto: badilisha gramu ziwe idadi, oanisha, rudisha idadi iwe gramu, tena kabla hujafunga hesabu jumlisha, kilichoingia na kilichotoka vilingane, la sivyo mwizi yupo. "Shangazi leo kaamka vibaya," wakawa wanasema, lakini walikuwa wanamsogezea madaftari.

Ukaja mtihani wa kujipima, ukiwa umebaki mwezi mmoja na nusu kufika mtihani wenyewe. Mizani aliandika kwa kujiamini, kila swali akilimaliza anakunja nne. Karatasi iliporudi ilikuwa na alama ishirini na nane kwa mia.

Ishirini na nane! Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye pochi. Siku mbili hakwenda darasani. Siku ya tatu mama, ambaye miguu yake ilikuwa bado haina nguvu, akamwita akiwa kitandani.

"Wewe unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Basi nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Au unataka nife nikiwa nimekuona umerudi umelowa miguu tu, hujaoga?"

"Mama, na wewe na maneno ya kufa."

"Nimeuliza swali."

 Mizani aliogopa, ndio ukweli. Akiikosa D mwaka huu hatavaa sare ya uuguzi maishani, na angekuwa anazeeka nyuma ya kaunta huku akijua kwamba mlango aliufunga mwenyewe mara mbili.

Siku hiyo hiyo dukani akaingia fundi wa mapaa, mfuko mkononi, amenuna.

"Mizani, umeanza uzee? Nimekuja jana nimechukua boliti mia moja za kenchi za paa. Nati mia, sawa. Washa umenipa mia!"

Washa ni vile vibati vya duara vyenye tundu katikati. Mizani akachukua mfuko. "Si mia kwa mia?"

"Mia kwa mia wapi? Boliti ya kenchi inataka washa mbili, moja chini ya kichwa, moja chini ya nati. Kwani umenijua leo? Mafundi wangu walikaa juu ya mbao kama kunguru, kazi imesimama."

Mjomba akatoka stoo kama moto. "Hayo masomo yako yanakula akili! Miaka kumi na mmoja hujawahi kukosea washa!"

Mizani hakusikia ukali wake. Alikuwa ameshika kile kimfuko cha washa, anakitazama. Akafungua pochi, akaikunjua ile karatasi yenye ishirini na nane juu ya kaunta. Swali la kwanza: haidrojeni mbili kwa oksijeni moja. Yeye kaoanisha moja kwa moja. Swali la tatu, moja kwa tatu. Kaoanisha moja kwa moja. Karatasi nzima alikuwa ameifanya boliti na nati, boliti na nati, hata pale ambapo mlinganyo ulikuwa unampigia kelele kwamba hapa kuna washa mbili.

"Jamani, mimi ni punguani," akasema kwa furaha kubwa.

"Hilo tumekubaliana," fundi akasema. "Nipe washa zangu."

Akampa washa mia zilizokuwa zimepungua, akamwongezea kumi za kuomba radhi, na saa tisa alikuwa gereji kabla hata mwalimu hajafika. Wiki tano zilizobaki alizitumia vizuri. Kabla ya kugusa gramu yoyote aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: ngapi kwa ngapi?

Siku ya mtihani ilikuwa ndiyo siku ambayo lori la mzigo lilikuwa linaingia. Mizani alipita dukani asubuhi akiwa na rula na kalamu mbili, anajiandaa kubishana. Mjomba alikuwa anafungua makufuli.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kukwambia kwamba lori..."

"Boliti hazina miguu, zitakungoja. Nenda." Halafu akiwa amempa mgongo, akaongeza, "Usinitie aibu kule. Nimeshawaambia watu wote wa mtaa huu."

Ukumbi wa mtihani ulikuwa kimya, feni moja inalia juu. Msimamizi, mama mtu mzima, alimwonyesha mlango wa kutokea akidhani amemleta mtoto. Mizani akamwonyesha kitambulisho, akakaa.

Swali la moli lilikuwa la saba, na ndilo lililobeba alama nyingi kuliko yote. Haidrojeni gramu sita, oksijeni gramu arobaini, zinaungana kutoa maji. Kipi kitaisha kwanza? Yatapatikana maji gramu ngapi? Kitabaki nini, na kiasi gani?

Mkono ulikwisha kuandika "haidrojeni itaisha kwa". Si sita tu hizo? Mbele ya arobaini, sita ni nini? Kalamu ikasimama. Mizani akafuta jasho la kiganja kwenye sketi. Uzito si idadi, mama wee. Akakata yale maneno, akaandika pembeni: ngapi kwa ngapi? Mbili kwa moja.

Haidrojeni, gramu mbili kwa moli, kwa hiyo sita ni moli tatu. Oksijeni ni nzito, gramu thelathini na mbili kwa moli, kwa hiyo arobaini ni moli moja na robo tu. Moli tatu za haidrojeni zinadai oksijeni moja na nusu, na hiyo moja na nusu haipo. Inayoisha ni oksijeni! Hiyo hiyo yenye arobaini zake! Inakwenda na haidrojeni moli mbili na nusu, ndizo gramu tano. Inabaki gramu moja. Maji moli mbili na nusu, kila moja gramu kumi na nane, jumla arobaini na tano.

Akajumlisha. Zimeingia sita na arobaini, arobaini na sita. Zimetoka arobaini na tano za maji na moja iliyobaki, arobaini na sita. Hakuna aliyeiba kitu. Mizani alicheka kwa sauti, msimamizi akamtazama kwa jicho kali, yeye akaomba radhi kwa mkono.

Matokeo yalitoka baada ya miezi miwili na nusu, siku ya wateja wengi. Simu ililia, ujumbe wa kijana mmoja wa darasani: "Shangazi yametoka!!" Mizani aliacha mtu na misumari yake juu ya mizani, akaingia stoo, akakaa juu ya mfuko wa saruji. Namba ya mtihani akaikosea mara tatu. Ukurasa ukafunguka polepole kwa mtandao ule wa kujikokota.

Kemia: D.

Alitoka stoo hana sauti. Machozi yanateremka, simu ameishika mbele yake kama sinia. Mteja wa misumari akachungulia kile kioo.

"Loo, D! Pole sana, dada. Ndiyo mitihani, utajaribu tena mwakani."

"Pole ya nini?" Mizani akapata sauti, akaipata yote kwa mpigo. "D! Nimepata D! Mjomba, D!"

Mjomba hakuguna safari hii. Aliivua kofia, akaiweka kwenye kaunta, akaivaa tena. "Haya," akasema, na macho yake hayakuwa makavu. "Haya. Mpigie mama yako."

Mama alipokea mlio wa kwanza tu, utadhani simu alikuwa ameikalia.

"Mama, D."

"D ni mbaya?"

"D inatosha, mama. Naingia chuo."

  Mizani akasikia mama analia, kilio cha wazi kabisa cha mtu aliyejizuia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, kila usiku nilikuwa namwomba Mungu asinichukue kabla sijasikia jibu hili. Hilo tu ndilo nililokuwa naomba. Niliogopa nitakufa nikuache nyuma ya hiyo kaunta."

"Sasa umesikia, mama. Usilie."

"Nimesikia." Mama akapenga kamasi. "Sasa nabadilisha ombi. Kozi yenyewe miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu. Basi namwambia Mungu mitatu, na siku ya kuvaa sare nikae mstari wa mbele."

Mizani aliegemea kaunta akacheka huku analia, na mtu wa misumari akasema asiwe na wasiwasi, yeye hana haraka.